Ndege imebaki moja duniani, halafu bado unairusha?

Tarehe 12 Oktoba 1997 pale Duxford, Uingereza, kuna ndege ya kivita ya Kijerumani ilipangiwa kuruka mbele ya watu mara ya mwisho kabisa, ikishuka tu inaingizwa makumbusho na habari yake imeisha. Ni Messerschmitt Bf 109G, wenyewe wanaiita Black 6. Hii ndege ilitekwa na Waaustralia huko Libya, uwanja wa Gambut, Novemba 1942, ikanusurika vita, ikanusurika skrepa, halafu wakatokea watu wa kujitolea wakakaa nayo karibu miaka 19 wanaikarabati nati kwa nati mpaka Machi 1991 ikaruka tena. Sasa siku hiyo ya kuagana, yaani siku hiyo hiyo, ikaleta shida hewani, rubani akataka kuishusha ikapitiliza uwanja, ikavuka juu ya barabara kuu ya M11 na kwenda kupinduka kwenye shamba lililolimwa, tumbo juu. Rubani akatoka hai, Mungu mkubwa. Ndege ikabidi ianze kutengenezwa upya, safari hii ya kuangaliwa tu.

Watu wengi wakiisikia wanasema ah, bahati mbaya hiyo, mkosi wa siku ya mwisho. Mimi nilichokisikia ni kingine. Makubaliano ya mwanzo yalikuwa iruke miaka mitatu. Mitatu tu! Ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka 97. Na kila walipoongeza walikuwa na sababu nzuri maana mwaka uliopita si iliruka vizuri, mafundi si wale wale, injini si inanguruma safi, kwa nini tuiweke chini leo? Hakuna siku hata moja ambayo ndege nzima inakwambia basi nimechoka. Anayeipenda hawezi kumwambia basi, ni kama mtu na gari lake la kwanza, kila siku anasema nitaliuza mwakani.

Ndo maana mjadala huu wa kama ndege adimu za vita vikuu vya pili zirushwe au zikae ukumbini mimi naona unaanzia pabaya. Watu wanabishana kuhusu usalama wa safari moja, rubani ana uzoefu gani, injini ina masaa mangapi. Safari moja kweli ni salama, nakubali, ukiniambia leo nikae chini ya anga linalopita Spitfire nitakaa na chai yangu. Shida ni kwamba hakuna anayerusha safari moja.

Angalia ile ya California. Kampuni ya Northrop wakati wa vita walitengeneza vindege vinne vya majaribio vinaitwa N-9M, ni bawa tupu, haina mkia wala mwili wa kueleweka, theluthi moja ya ukubwa wa dege kubwa la mabomu walilokuwa wanalipanga. Ukoo wa ile B-2, ndege ya mabomu ya Marekani unayoiona leo kwenye habari, unapitia humo. Kati ya zile nne ikabaki moja, N-9MB, iliyokarabatiwa kwa zaidi ya miaka kumi na jumba la makumbusho la Planes of Fame pale Chino, ikarudi angani miaka ya 90 na ikawa inaruka kwenye shoo kwa miaka zaidi ya 20. Aprili 22, 2019 ikaanguka Norco, kwenye eneo la gereza, rubani akafa na ndege ikaisha. Ikaisha maana yake hakuna tena. Mtu anayetaka kujua zile mbao ziliunganishwaje, zile nyaya zilipita wapi, aende akaangalie picha. Miaka 20 na kitu ya furaha ya watu uwanjani upande mmoja, na upande wa pili kila kizazi kitakachokuja kikose kuiona hata imesimama. Nikiiweka hivyo kwenye mizani mimi siwezi kusema ilistahili, na simlaumu rubani kwa hilo hata kidogo.

Ajali ya Dallas, Marekani, ndo wengi mnaikumbuka kwa sababu ya zile vidio. Novemba 12, 2022, B-17, dege la mabomu, inaitwa Texas Raiders inapita taratibu, P-63 Kingcobra, ndege ndogo ya kivita, inakuja kutoka pembeni inakunja kona, inaigonga katikati, dege linakatika vipande viwili kama mkate. Watu sita wamekufa, watano kwenye B-17 na mmoja kwenye Kingcobra. Wachunguzi wa Marekani walipotoa ripoti yao Desemba 2024 kitu walichokinyooshea kidole si uchakavu wa ndege, ni kwamba hakukuwa na mpango uliokubaliwa kabla ya kuruka wa nani apite kimo gani, walikuwa wanategemea maelekezo ya redioni palepale na macho ya marubani, na macho yenyewe kwenye vyumba vile vya rubani vya zamani yanaona kidogo sana. Ila kuna kitu kimesemwa kwa sauti ndogo kwenye ile ajali, nadhani kwa kuheshimu waliokufa. Ile Kingcobra ilikuwa P-63F. Zilitengenezwa mbili tu duniani na iliyobaki ilikuwa hiyo moja. Kwenye shoo iliyohitaji ndege yoyote ile ya kivita ipite na kunguruma, walitoa ya pekee.

Sasa nije kwa wenzangu wanaotaka zirushwe, maana siyo wajinga na hoja zao mbili nazipokea kwa mikono miwili.

Ya kwanza, kukaa chini siyo usalama. Hili watu hawalijui kabisa, wanadhani makumbusho ni kama benki. Februari 1978 jumba la makumbusho ya anga la San Diego liliungua usiku mmoja, ndege zaidi ya 40 zikaenda na moto. Februari 1993 hanga la makumbusho ya ndege za vita pale Hamilton, Kanada, likaungua, ndege tano zikapotea na Lancaster yao, dege la mabomu la Waingereza, ikaponea chupuchupu. Na sisi huku hatuna haja ya kwenda mbali, Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho pale Forodhani, Zanzibar, ambayo ndani yake kulikuwa na mtepe, ile mashua ya zamani ya pwani, ilidondoka upande mzima Desemba 25, 2020 na ikaua watu, mchana kweupe, hakuna aliyerusha chochote. Kwa hiyo ukiniambia ukumbini ndo salama nitakuuliza ukumbi wa nani, paa lake likoje, na bajeti ya mwaka huu imepita?

Ya pili ni hela na ufundi, navyo vinakwenda pamoja. Ndege inayoruka inachangiwa. Watu wananunua tiketi, fulana, wanatoa urithi, mzee anakufa anaandika kwenye wasia elfu kumi ziende kwenye injini namba tatu. Ndege iliyosimama inaombewa hela ya kupaka rangi na hata hiyo haipatikani. Vulcan XH558, dege la mabomu la Uingereza, ndo mfano unaouma, nitaurudia mbele. Na ufundi nao ukikaa bila kutumika unakufa na wenyewe, mtu anayejua kusikiliza injini ya Merlin na kukwambia silinda gani inakohoa hajifunzi hilo kwenye makaratasi. Mtepe huohuo niliousema tunao kama somo, mashua ya kushonwa kwa kamba bila msumari, pwani nzima ilijua kuushona halafu ukaisha, na Zanzibar walipotaka kuunda mmoja mwaka 2003 ikabidi waende kwa vielelezo na kubahatisha mambo ambayo mababu zao walikuwa wanayafanya huku wanapiga soga.

Lakini hebu tulia hapo kwenye mtepe. Walichofanya Zanzibar ni kuunda MPYA. Hawakuchukua wa mwisho wakaupeleka baharini.

Na hapo ndo ninapotaka kufika, kwa sababu kwenye ndege hili linawezekana na limeshafanyika, tena vizuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua Mosquito, ile ndege ya mbao ya Waingereza. Zilijengwa zaidi ya 7,700. Kufika 1996 iliyokuwa inaruka duniani ilikuwa moja, RR299, na Julai 21 mwaka huo ikiwa kwenye maonyesho huko Barton, karibu na Manchester, injini moja ikapoteza nguvu katikati ya kona, ikaanguka, wawili waliokuwemo wakafa. Kwa miaka 16 hakuna Mosquito hewani popote. Halafu jamaa mmoja wa New Zealand, Glyn Powell, akakaa akachonga upya zile kalibu za kuundia mwili wa mbao, kazi ya miaka, na kwa kalibu hizo mafundi wa Ardmore wakachukua mabaki ya Mosquito iliyojengwa Kanada 1945, KA114, wakaivisha mwili mpya na mabawa mapya, gundi mpya ya kisasa isiyooza kama ile ya zamani, Septemba 27, 2012 ikapaa. Injini mbili za Merlin, sauti ile ile, watu wazima wanalia uwanjani. Sasa niambie, aliyelia pale alikuwa anaililia mbao ya 1945? Mbao ya 1945 ilishaoza zamani!

Hii ni kama Land Rover za vijijini. Injini imetoka kwenye gari lingine, gearbox ya tatu hiyo, bodi limegongwa upya Gerezani pale Dar, chesisi imechomelewa mpaka basi, kilichobaki cha 1968 ni kadi ya gari na kile kibati cha namba. Na bado ni Land Rover ya mzee, inapanda mlima, hakuna anayebisha. Ndege nyingi unazoziona zinaruka kwenye shoo zipo hivyohivyo, Spitfire nyingi tu zimejengwa upya karibu zote kuanzia kibati, ngozi mpya, misumari mpya ya kubana bati, mhimili wa bawa mpya. Wapo Wamarekani walioenda mbali zaidi wakajenga Me 262 mpya kabisa, ile jeti ya Wajerumani, wakaitia injini za kisasa za General Electric kwa sababu zile za asili zilikuwa zinakufa baada ya masaa machache tu, na ya kwanza ikaruka Desemba 2002. Hizo rusha. Rusha mpaka bati lichoke, ikianguka Mungu apishie mbali tutalia kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya chuma, maana chuma tunacho kingine na michoro ipo.

Ile yenye bati lake lenyewe, rangi yake ya vita chini ya rangi, alama za kalamu ya fundi wa 1943 ndani ya bawa, hiyo ndiyo kitabu. Na ukiikarabati ili iruke unaanza kuchana kurasa kabla hata haijaacha ardhi, kwa sababu mkaguzi hawezi kukupa kibali na bati lenye kutu, lazima utoe. Hili wapenzi wa kurusha hawalisemi sana. Hatari ya kuanguka ni moja, lakini hasara ya uhakika inatokea kwenye gereji, kila kipande cha asili kinachotupwa kwenye ndoo ili ndege ipate cheti.

Halafu kuna watu. Nimeandika mpaka hapa kama vile swali ni la chuma tu. Oktoba 2, 2019 B-17 iliyoitwa Nine-O-Nine ilipaa Bradley, Connecticut, ikiwa na watu 13, kumi wao wakiwa abiria waliolipa hela kwa nusu saa ya kuonja historia. Injini namba nne ikasumbua, wakageuza kurudi, wakagusa chini kabla ya njia, wakagonga nguzo za taa, moto. Saba wamekufa, watano wao abiria. Uchunguzi ulikuta matengenezo ya hovyo kwenye injini, mambo ya magneto na plagi, yaani vitu ambavyo fundi wa bodaboda angevishika kwenye sevisi ya kawaida, na ruhusa ya ile taasisi kubeba abiria ikafutwa Machi 2020. Na Shoreham, Uingereza, Agosti 22, 2015, Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake ikaangukia barabara ya A27, wakafa watu 11, na hao hawakununua tiketi ya chochote, wengine walikuwa wanapita zao tu. Baada ya hapo Waingereza wakabana, jeti za zamani zisifanye sarakasi juu ya nchi kavu, zipite tu. Sawa kabisa. Rubani wa ndege ya zamani anajua anachokiingia, amechagua. Dereva aliye kwenye foleni ya taa nyekundu hajachagua.

Sasa nani aseme basi? Maana nimeshasema mwenye mapenzi hawezi.

Vulcan XH558 inanifundisha hapa. Lile dege la mabomu la mabawa ya pembetatu, la enzi za nyuklia, lilirudi angani Oktoba 18, 2007 kwa hela za wananchi waliochanga, likawa ndo Vulcan pekee inayoruka, na kila linapokwenda barabara zinaziba. Lingeendelea mpaka leo kama lingekuwa mikononi mwa mashabiki. Lililolisimamisha ni kwamba zile kampuni zilizokuwa zinatoa sapoti ya kiufundi na kusaini kwamba ndege iko sawa, zilisema tunajitoa, ndege imeshapita masaa ya Vulcan nyingine yoyote na mafundi wetu wanaojua mambo haya wanastaafu. Bila saini hakuna kibali. Oktoba 28, 2015 ikaruka mara ya mwisho, ikashuka, ikazima. Watu waliwatukana sana zile kampuni. Mimi nawapigia saluti, kwa sababu ile ndege ipo, unaweza kuigusa, na hakuna familia iliyopigiwa simu.

Ila sitawadanganya kuhusu kilichofuata. Ipo, lakini ipo nje, kwenye lami ya uwanja wa Doncaster Sheffield, na uwanja wenyewe ukaja kufungwa 2022. Mvua yao, upepo wao, hela za michango zilizokuwa zinamiminika wakati inaruka zimekauka. Kwa hiyo ukiniuliza, saini ya mtu wa nje ikisema basi lazima siku hiyo hiyo paa liwe tayari, tena paa lijengwe wakati ndege bado inaruka na watu bado wana hamu ya kutoa. Kila tiketi ya shoo ikatwe fungu la paa. Hawafanyi hivyo, kila senti inarudi kwenye injini.

Kuna ndege moja ambayo kwa kweli inanipa shida kwenye msimamo wangu huu, na ina undugu na sisi huku. Lancaster PA474, ambayo jeshi la anga la Uingereza wanairusha toka Coningsby. Lancaster zilijengwa 7,377, zimebaki 17 hivi, zinazoruka ni mbili, hiyo na ile ya Hamilton niliyosema iliponea moto. PA474 ilijengwa 1945, vita ikaisha haijadondosha bomu hata moja, wakaifunga kamera na kuipeleka kikosi namba 82 kupiga picha za ramani Afrika Mashariki na Kusini. Yaani hiyo ndege Waingereza wanayoipigia makofi juu ya Buckingham kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kupita juu ya vichwa vya babu zetu ikipiga picha mashamba yao. Nikiisikia kwenye spika za simu nasisimka, siwezi kukataa. Lakini ndugu yake mdogo, Lincoln, iliyotokana na Lancaster hiyo hiyo, ndiyo iliyotumwa Kenya kuanzia mwishoni mwa 1953 kudondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa Mau Mau, pamoja na vile vindege vya mafunzo, vi-Harvard, vilivyokuwa vinaondokea Mweiga, karibu na Nyeri. Harvard leo ni kipenzi cha kila shoo duniani, rangi ya njano, watoto wanapigwa picha nayo. Mzee aliyekuwa kijana msituni mwaka 54 akisikia propela ile sidhani kama atatoa simu arekodi. Lincoln hairuki hata moja, na sijawahi kusikia mtu wa Kirinyaga akiilalamikia hilo.

Kwa PA474 yenyewe, mhimili wa mabawa ulibadilishwa miaka ya 90, inarushwa kwa masaa ya kupimwa kila mwaka, na zimebaki dada zake 16. Kwa kipimo changu mwenyewe inapita. Ila mwaka 2015 injini moja iliwaka moto hewani ikabidi ishuke haraka na kukaa gereji miezi, nikaona wale wale watu wakiandika si mmeona, mfumo umefanya kazi, turudi angani. Black 6 nayo walisema hivyo hivyo.

Nilidhani jibu nilishalipata pale East Kirkby, Lincolnshire. Kuna Lancaster nyingine pale, NX611, Just Jane. Waliinunua miaka ya 80 ndugu wawili wakulima, Fred na Harold Panton, kwa kumkumbuka kaka yao Christopher aliyeuawa kwenye shambulio la Nuremberg Machi 1944. Haijaruka toka iwe mikononi mwao. Wanawasha Merlin zote nne, inatembea kwenye nyasi na abiria ndani, kelele yote, moshi wote, petroli yote unaisikia puani, halafu inarudi kwenye hanga ikiwa nzima. Nikasema hawa ndo wamepatia, sauti unapata, ufundi haufi, hela inaingia, na hakuna anayeanguka popote.

Nikaingia kuangalia wanaendeleaje siku hizi. Wanaibomoa kipande kwa kipande kila kipupwe, wanabadilisha bati na mhimili, wanachangisha. Wanataka iruke.